Nyumba Kumi na Moja za Donna Restituta

Mimi ni dalali wa nyumba. Najua watu wanavyotusema, na mara nyingi wanasema kweli. Kwa miaka ishirini na sita nimeuza nyumba katika mji huu wetu, nusu saa kwa treni kutoka Napoli, mlima nyuma na bahari mbele, na wanunuzi nimewajua hadi nimewachoka. Mtu wa Milano anakuja Agosti, anasimama roshanini, anaona meli nyeupe ikienda Capri, basi, kazi yangu imekwisha. Haulizi jirani ni nani. Haulizi jua linaingia chumba gani mwezi wa Januari. Anasaini huku miwani ya jua ipo usoni, halafu ukija msimu wa baridi ananipigia simu kuuliza kwa nini kuta zinatoa jasho. Namwambia, bwana, hata wewe ungefungiwa ndani miezi mitano ungetoa jasho.

Donna Restituta Ferrigno hakuwa mtu wa miwani ya jua. Aliingia ofisini kwangu mwishoni mwa Januari akiwa amevaa koti jeusi la kanisani, hereni za lulu na rangi ya mdomo iliyopakwa nje kidogo ya mstari. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika kikapu cha matete chenye kamba ndefu iliyokunjwa ndani. Nyuma yake alisimama Sabatino muuza mboga, ambaye alimleta kwa bajaji yake ya mizigo.

"Ersilia," aliniambia, maana alimjua mama yangu, "nataka nyumba. Nionyeshe, lakini usinidanganye."

"Mimi? Nikudanganye wewe, Donna Restituta?"

"Mama yako alikuwa anauza samaki wa juzi kwa bei ya leo. Nakujua."

Nilicheka, ningefanya nini. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Arobaini na mmoja kati ya hiyo aliitumia amesimama, akipiga pasi mashuka ya hoteli moja pale bandarini, ndiyo maana magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kwenye tambarare yalimtii, akiwa na fimbo. Ngazi ndizo zilimshinda. Mumewe, Liberato, fundi wa mitambo kwenye feri, alifariki miaka tisa iliyopita. Mtoto wao mmoja tu, Catello, yuko Torino, na mtu akishakwenda Torino anarudi Agosti na Krismasi, tena Krismasi si kila mwaka.

Alikuwa amepanga ghorofa ya tatu, nyumba ileile kwa miaka hamsini. Mwenye nyumba alikufa, wajukuu wake wakataka kuigeuza vyumba vya watalii, wakampa hadi Juni aondoke. Donna Restituta alikuwa na kiinua mgongo chake na alichoacha Liberato. Zilitosha nyumba moja ndogo, mara moja. Akichagua vibaya, hakukuwa na mara ya pili, na hilo alilijua kuliko mimi.

"Na kikapu cha nini?" nilimuuliza.

Aliniangalia kama vile nimeuliza kanisa lina msalaba wa nini.

"Bila kikapu utajuaje kama nyumba ni nzuri?"

Kwa sisi wa mji wa zamani hilo halihitaji maelezo, ila nitasema kidogo. Mwanamke wa juu hashuki kwa ajili ya mkate. Anafunga kikapu kwa kamba, anatia noti na karatasi, anaita, anateremsha. Chini kuna muoka mikate, muuza samaki, mpita njia yeyote. Kikapu kinapanda na mkate, dawa, chenji, na habari za nani kamwacha nani. Ninao wateja ambao hawajakanyaga barabara tangu marais watatu nyuma, na bado wanajua mambo ya mtaa kuliko polisi. Kwa Donna Restituta, basi, nyumba ilipimwa hivyo. Unateremsha kikapu, unasubiri, unaona kinarudi na nini.

Nilimpeleka kwanza barabara ya ufukweni, kwa sababu kule ndiko asilimia yangu ni nono. Ghorofa ya nne, roshani pana, bahari yote miguuni. Ilikuwa Februari, siku nyeupe yenye upepo. Nikafungua milango kwa mbwembwe.

"Bahari yote hii ni yako."

"Bahari siongei nayo," alisema. "Shika hapa."

Akanipa ncha ya kamba. Ndani ya kikapu alitia sarafu mbili na karatasi iliyoandikwa: nusu kilo ya mkate, hata wa jana. Tukateremsha. Tukasubiri. Madirisha ya kulia yamefungwa, ya kushoto yamefungwa, ya jengo la mbele yamefungwa tangu Septemba. Upepo ulikizungusha kikapu hadi kamba ikajisokota. Baada ya dakika ishirini akapita bwana mmoja na mbwa wake. Bwana hakuinua macho. Mbwa alikinusa kikapu, akainua mguu.

"Angalau mbwa kanisalimia," alisema Donna Restituta. "Pandisha, twende zetu."

Nyumba ya nne, kama sikosei, ilikuwa Parco Mimosa, kule juu nyuma ya stesheni. Majengo mapya, geti la umeme, lifti mbili. Catello ndiye aliyeichagua kwenye simu yake huko Torino. Alitaka kuangalia kila kitu kwa video, nami nikawa natembea na simu mkononi kama mpumbavu.

"Mama, tazama lifti! Unabonyeza tu, unashuka."

"Nashuka kwenda wapi, mwanangu? Kwenye magari?"

Na kweli, chini kulikuwa na magari tu, halafu geti, halafu barabara kuu, na mkate wa karibu uko kilomita mbili. Alifunga kamba, akateremsha kikapu. Kilipofika usawa wa ghorofa ya kwanza, akajitokeza msimamizi wa jengo, kijana mwenye sweta na kalamu mfukoni.

"Signora! Hairuhusiwi kutundika vitu upande wa mbele. Kanuni za jengo, kifungu cha kumi na nne!"

"Hakijatundikwa, kijana. Kinashuka."

"Hata kushuka hairuhusiwi!"

"Na wewe ukizimia hapo chini, mimi nikuteremshie maji kwa kifungu gani?"

Catello kule kwenye simu alikuwa anafunika uso. Mimi nilicheka mpaka Torino wakanisikia.

Lakini kicheko kilianza kunipungua. Tuliona ya tano, ya sita, ya saba. Hii ina jua lakini barabara ya chini haina duka. Hii ina duka lakini mwenye duka ana kiburi. Kila tukitoka aliomba jambo dogo. Tupite gatini, tuone kama boti zimerudi. Tunywe kahawa pale kwenye baa, tumesimama, kama watu. Tuingie kanisani dakika mbili, tumsalimu Liberato kwa mshumaa. Mimi nina ofisi, nina watu wa Milano, nina simu tatu. Nilikuwa nanung'unika waziwazi. Ile ya tisa nilimwambia, "Donna Restituta, hata Papa wa Roma huchaguliwa upesi kuliko hivi," naye akajibu kwamba Papa hana haja ya mkate. Nilikuwa na hasira naye, sitaficha, na leo hasira ile inanichoma.

Ya kumi na moja ilikuwa kichochoro cha Santa Fara, katikati ya mji wa zamani. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, nyumba ya profesa mmoja marehemu. Ngazi sitini na nne, lifti hakuna wala haitakuwepo. Sabatino alimpandisha ngazi kwa ngazi, wakipumzika kila penye nafasi, hadi nikavuta sigara mbili huko juu nikiwasubiri. Alipofika hakuangalia vyumba. Alikwenda moja kwa moja roshanini, akaita "Oooh!" akakiachia kikapu.

Hakijafika chini, kichochoro kizima kilikwishainua shingo.

"We nani huko juu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Ausilia, anayeuza kome na dagaa kwenye meza mbele ya tanuri la mikate. "Hiyo si nyumba ya marehemu profesa?"

"Ndiyo! Nainunua!"

"Unanunua nyumba au unanunua mkate?"

"Vyote!"

"Mkate wa nusu kilo hautoshi mtu, umekonda nini?" Huyo sasa Fedele, muoka mikate, amesoma karatasi. "Naweka kilo!"

"Weka nusu, mwizi we!"

"Kashaniita mwizi, huyu ni wa hapahapa!"

Kikapu kilirudi na mkate wa moto, malimau matano ambayo hakuyaomba, na dagaa kiganja kimoja ndani ya gazeti, "za makaribisho," alipiga kelele Ausilia, "safari ijayo unalipa!" Donna Restituta aliushika ule mkate kifuani kwa koti lake jeusi, unga ukamjaa, machozi yakamtoka.

"Hii," alisema. "Ersilia, hii. Andika karatasi."

Nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi kwa ajili yake na nilifurahi kwa ajili ya asilimia yangu. Kisha tukaanza kushuka. Kwenye mapumziko ya pili ya ngazi, goti la kulia likakataa. Halikuuma tu, lilifunga, mguu ukabaki umekunjwa. Alikaa kwenye ngazi ya mawe, uso umekuwa rangi ya nta, akishikilia chuma cha pembeni kwa mikono miwili.

"Niache kidogo," akasema. "Litafunguka."

Halikufunguka. Sabatino alishuka kuita watu, wakaja na kiti cha mbao kutoka kwa Fedele, wakamkalisha, wakambeba wanne, wawili mbele na wawili nyuma, kama tunavyobeba sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Kichochoro kikafanya sherehe.

"Mtakatifu Restituta, utuombee!"

"Mtakatifu gani mzito hivi, kala nini?"

"Tambi za mama yako!" alijibu kutoka juu ya kiti, katikati ya maumivu, na wakamshangilia.

Mvua ilikuwa imeanza manyunyu. Wakamweka kwenye mlango wa kwanza uliokuwa wazi, chini kabisa, usawa wa barabara. Mlango ule niliujua, kwa sababu ulikuwa kwenye orodha yangu. Chumba kimoja kikubwa chenye dari la upinde, sinki pembeni, choo kidogo nyuma, dirisha moja. Chumba cha namna hiyo sisi tunakiita basso. Mlango wake umekatwa katikati, nusu ya juu inafunguka peke yake, na ukiinua mguu uko barabarani. Fundi wa rangi alikuwa anapaka kuta rangi nyeupe. Nilipanga kuwauzia watu wa nje wapangishe watalii, maana siku hizi mgeni analipa pesa nzuri kulala pale babu zetu walipokuwa wanaona haya kulala.

Alikaa pale saa nzima. Ausilia alimsugua goti kwa mafuta ya kitu chenye harufu mbaya. Fedele alileta kahawa. Mzee fulani alisimama kuuliza yeye ni Ferrigno wa wapi, wakagundua kwamba Liberato aliwahi kumvunja jino kwenye mpira. Mama mmoja alimwachia mtoto mchanga dakika tano, akarudi baada ya nusu saa. Goti lilifunguka taratibu bila mtu kulitazama. Nilikuwa sijawahi kumwona anacheka hivyo, kichwa nyuma, hereni zinacheza.

Kisha akageuka kuangalia nyuma yake. Aliona sinki, aliona upinde, aliona mahali pa kitanda kule ndani. Kicheko kikakatika.

"Hapa ni wapi?"

"Ni chini tu, Donna Restituta. Tumekuweka kwa sababu ya mvua."

"Hii ni basso."

"Ndiyo."

"Nitoe." Alikwishasimama. "Nitoe hapa, Ersilia, kabla mtu hajaniona."

Jioni ile nilimpeleka kwake mimi mwenyewe, pamoja na Sabatino. Tulitumia muda mrefu kumpandisha. Nilimpikia chai ya maua ya babunaji, na bila mimi kuuliza akaanza kunieleza, macho yakiwa kwenye kikombe.

Alizaliwa kwenye basso, si mbali na Santa Fara. Watu saba, chumba kimoja. Alikua akiijua dunia kwa miguu ya wapita njia. Mvua ikinyesha, matope yaliingia hadi kwenye shuka, na mama yake alilifua shuka lilelile usiku akalikausha kwa pasi. Mdogo wake wa mwisho alizaliwa mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto, na watu waliokuwa wanapita walisimama kuangalia. Shuleni wasichana wa ghorofani walimwita Wa Chini. Hata walimu walikuwa wakimwita hivyo wakisahau.

"Nilipoolewa Liberato akapata hii nyumba," alisema. "Ghorofa ya tatu! Mama yangu alinishika mashavu akaniambia, panda mwanangu, panda na usirudi. Asubuhi ya kwanza niliteremsha kikapu, na aliyekuwa chini kukijaza ni yeye. Alikuja kila siku. Hakupanda hata mara moja, alisema viatu vyake vichafu. Alikufa kwenye chumba kilekile, Ersilia, ananiomba radhi kwamba alinizaa chini."

Nikauliza swali la kijinga, la kubadilisha mazungumzo.

"Na mara ya mwisho kushuka ilikuwa lini? Si kwa kuja kuona nyumba. Kushuka tu, kwa mambo yako."

Alifikiri.

"Pasaka."

"Ya mwaka jana?"

Alizungusha kikombe kwenye sahani yake.

"Ile kabla ya hiyo," alisema.

Hapo ndipo nilipopata akili, na nilitamani ardhi inimeze. Nyumba kumi na moja. Koti la kanisani, hereni, rangi ya mdomo. Gatini, baa, mshumaa. Huyu mama alikuwa hatafuti kosa kwenye nyumba zangu. Alikuwa anatoka. Karibu miaka miwili hakutoka, na mimi nilikuwa natazama saa.

Mdomo wangu haujui kunyamaza, haukujua hata siku ile.

"Nisikilize, mama," nilimwambia. "Ile ya profesa ni nyumba nzuri na nitapata pesa mara mbili ya ile ya chini. Ukiinunua utakuwa na mkate, malimau, na umbea wote wa Santa Fara. Na utashuka mara moja tu, umelala, watu wanne wanakubeba na hutawajibu kitu."

Alinyanyua fimbo akanionyesha mlango.

"Toka nyumbani kwangu."

Nilitoka. Siku nne hakunipigia simu. Mkataba wa awali wa nyumba ya profesa tulikuwa tumeupanga Ijumaa, saa nne asubuhi, na Catello alikuwa anakuja na treni kutoka Torino kusimamia. Nilijiandaa kusaini nikae kimya. Kila mtu huzeeka anakotaka mwenyewe, ndivyo nilivyojiambia.

Ijumaa walikuja wote wawili. Catello ni mwanaume wa miaka arobaini na minane, mpole, anavaa skafu hata ndani ya nyumba. Nilimsogezea mama yake kalamu. Hakuishika.

"Nipe ufunguo wa kule chini," alisema. "Nataka kukaa mchana huu. Kukaa tu."

"Kule chini wapi?" aliuliza Catello, na nilipomwambia akawa mwekundu hadi masikioni. "Mama! Kwenye basso? Watu watasema nini? Watasema Catello ana kazi Torino na mama yake kamtupa barabarani!"

"Unaona haya," alisema mama yake.

"Siyo haya, Mama. Ni kwamba..."

"Unaona haya. Na mimi naona. Twende tukaone haya wote pamoja."

Tulikwenda. Rangi ilikuwa imekauka. Aliagiza tufunge mlango, juu na chini, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya fimbo. Catello alisimama pembeni. Mimi niligusa kuta nikawaambia ukweli wote, kwamba kuna unyevu upande wa kaskazini, kwamba dirisha ni moja, kwamba pikipiki zinapita hadi jioni. Hakuna aliyenisikiliza. Nje tulisikia kila kitu, viatu, magurudumu, Ausilia akimtukana mteja. Donna Restituta alikuwa anasikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nusu saa ilipita hivyo. Kisha aliinuka mwenyewe, akatembea hatua sita hadi mlangoni, akavuta komeo, akafungua nusu ya juu.

Sijui kama kuna Mungu wa madalali, lakini siku ile alikuwa na roho mbaya. Mtu wa kwanza kupita alikuwa Ermelinda. Walipiga pasi meza moja kwa miaka thelathini, na Ermelinda tangu zamani ni mwanamke wa ghorofa ya tano, hakuna siku aliyosahau kulitaja. Alikuwa amebeba mifuko miwili ya sokoni, anahema. Akasimama. Akaangalia mlango, akamwangalia aliyeko ndani yake, na uso ukamchangamka.

"Restituta! Ni wewe? Ndiyo umerudi chini?"

Ausilia alikaa na kisu hewani. Nilimwona Catello amefumba macho. Yale ndiyo maneno aliyoyakimbia tangu siku ya harusi yake, yamekuja yote matano au sita, mbele za watu.

Donna Restituta alimwangalia Ermelinda usoni, halafu mifuko, halafu miguu iliyovimba juu ya viatu.

"Nimerudi," alisema. "Na wewe umeshuka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa saa sita. Unaogopa kupanda, eti?"

Ermelinda aliweka mifuko chini.

"Ngazi ni tisini na nane, Restitù," alisema kwa sauti ndogo. "Nazihesabu kila siku. Huwa nazunguka tu huku chini, mpaka nipate moyo."

Donna Restituta alifungua nusu ya chini ya mlango.

"Ingia ukae. Catello, mpe kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Catello alibaki amesimama katikati ya chumba, skafu shingoni, hajui la kufanya. Kisha alitoka nje, mbele ya kichochoro kizima kilichokuwa kinamtazama, akaomba viti viwili kwa Fedele, akavibeba kichwani, akavipanga mlangoni, nusu ndani na nusu barabarani. Alipokaa kwenye kimojawapo alikuwa bado mwekundu. Lakini alikaa.

"Watu watasema, Mama," alirudia, kwa upole sasa.

"Waseme. Watakuwa wanasemea mlangoni kwangu, nitawasikia na nitawajibu."

Tulisaini Jumatatu. Kwa pesa iliyobaki alitengeneza ukuta wa kaskazini, akanunua kitanda kizuri na pazia zito la kufunika pale kitandani, maana alisema kulala ni siri ya mtu hata akiwa mwenyekiti wa kichochoro. Alihamia katikati ya Mei. Watu walisema, naam, walisema wiki nzima, halafu akaja mtu kumchumbia binti wa Fedele, wakapata la kusema jingine.

Nilikwenda kumwona siku ya kumi hivi baada ya kuhama, nikiwa na chupa ya divai na hofu kidogo. Nilitaka kujua kama analala, kama unyevu umerudi, kama ananilaani. Sikumkuta. Mlango ulikuwa wazi juu na chini, na Ausilia akaniambia nisubiri. Alikuja baada ya robo saa kutoka upande wa bahari, polepole, fimbo mkononi, bila koti, bila hereni, na kandambili miguuni.

"Umetoka wapi?" nilimuuliza.

"Huko." Alikaa, akanyoosha miguu yake barabarani. "Jana nimetoka mara tisa, Ersilia. Mara tisa, nimehesabu. Mara mbili hadi kwenye maji. Nyingine hadi pale kona tu, nikarudi."

"Ulikuwa unahitaji nini?"

"Sikuhitaji kitu," alisema. "Kitu chochote."